Tuzo Aliyonyimwa Marehemu Zawadi

Zawadi Mshamu alisikia habari za kifo chake alasiri ya Alhamisi, akiwa ameinamia jamvi uani kwake, Maparoni, katika delta ya Rufiji, anageuza kamba waliokuwa wakikauka juani. Redio aliiweka juu ya kinu. Kipindi kilikuwa kile anachokipenda kuliko vyote, cha wasikilizaji kupiga simu na kubishana, na siku hiyo mada ilikuwa filamu: ni mwigizaji gani wa kike alistahili tuzo kubwa na hakupewa?

Watu walikuwa wamepandwa na mori. Mmoja alipiga kutoka Ikwiriri akamtaja binti aliyecheza kama mwalimu. Mwingine, wa Mkuranga, akasema huyo binti hata kulia hajui, anakunja uso tu; aliyeonewa ni yule mnene aliyecheza kama askari wa trafiki. Zawadi alikuwa akiwajibu mwenyewe huku mikono ikiendelea na kazi.

"Huyo wa trafiki? Labda tuzo ya kupiga kelele."

Ndipo akaingia mwanamume mmoja, akajitambulisha kuwa ni Ridhiwani, fundi baiskeli wa Nyamwage.

"Mnawataja wote, mnamsahau marehemu Zawadi Mshamu," alisema. "Yule aliyecheza mama mkwe kwenye *Mkwe wa Mbagala*. Yule mama alidhulumiwa, na amekufa na dhuluma yake, Mungu amrehemu."

"Inna lillahi," mtangazaji akasema. "Kumbe alishatangulia?"

"Zamani. Walimzika kwao huko delta."

Zawadi akabaki ameshika kamba kiganjani, hajui amrudishe jamvini au afanye nini.

Simu zikafululiza. Ghafla kila mtu alikuwa akimpenda. Mama mmoja wa Kibiti alisema hajapata kumwona mwigizaji mwenye sauti kama ile. Kijana mmoja akasema waigizaji wa siku hizi wangepelekwa kwake wakafundishwe, bahati mbaya hayupo. Mtangazaji akaomba wasikilizaji wote wamwombee marehemu, redio ikanyamaza, na uani nako kukawa kimya, isipokuwa kuku wa jirani.

Zawadi aliigiza Dar es Salaam kwa miaka mingi. Alianza na kikundi cha maigizo ya jukwaani Temeke, baadaye zikaja filamu, na katika filamu alikuwa mama mkwe, shangazi, mama wa kambo. Wasichana walioanza naye waliolewa au wakapotea. Yeye aliolewa mara moja, akaachika, hakupata mtoto. Mama yake alipopooza upande mmoja alirudi Maparoni kumuuguza. Simu yake ilitumbukia majini siku ileile ya kuvuka kutoka Nyamisati, na namba zote zikazama nayo. Mama alipofariki alibaki, kwa kuwa kule mjini hakukuwa na mtu wa kumuuliza atarudi lini.

Siku za matanga ya mama yake aliwangoja watu wa kikundi. Alijua habari imewafikia, maana mfanyabiashara mmoja wa kamba alimwambia ameipeleka mwenyewe. Hakuja mtu. Sasa, akiwa mbele ya jamvi, alianza kuelewa. Aliyepeleka habari lazima alisema kwa Zawadi kuna msiba, na hao wakasikia msiba wa Zawadi. Hilo lilimpunguzia uchungu kidogo: hawakumtupa, walidhani aliyekufa ni yeye. Kisha akawaza tena. Basi hata kwenye maziko yake mwenyewe hawakuja.

"Wee Zawadi!" Sabra, jirani yake, alikuwa ameegemea ua wa makuti, anacheka hadi machozi. "Umekufa, mwenzangu! Nimekusikia redioni!"

Zawadi naye akacheka. "Ndiyo hivyo. Na wewe hukunililia."

"Si uwapigie uwaambie?"

"Nitawapigia."

Hakupiga. Jioni, akipika, alijikuta anayarudia kwa sauti maneno ya yule mama wa Kibiti, kisha anayarudia tena kwa kubadilisha mkazo, kama alivyokuwa akijifunza maneno ya mchezo. Tangu aanze kazi ile hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo usoni.

Siku chache baadaye alimwambia Sabra anakwenda Kibiti kupima macho. Alipanda boti ya asubuhi hadi Nyamisati, akachukua bodaboda mpaka Bungu, na pale Bungu akapanda basi la Lindi. Basi lilipita Kibiti, yeye ametulia kitini. Alishuka Nyamwage.

Fundi Ridhiwani hakuwa mgumu kumpata. Banda lake la mabati lilikuwa kando ya lami, mkabala na wauza korosho. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mikono imejaa grisi, amezamisha mpira kwenye beseni la maji anatafuta pancha.

"Shikamoo, mama. Baiskeli iko wapi?"

"Marahaba. Sina baiskeli. Nilikusikia redioni."

Ridhiwani akatabasamu kwa fahari, akapangusa benchi kwa kitambaa. "Karibu ukae. Uliniunga mkono?"

"Hapana. Nimekuja kukubishia. Tuzo ile haikuwa ya Zawadi."

Fundi akauachia mpira ukazama. "Usiniambie ilikuwa ya yule mrembo aliyepewa!"

"Ya Hafsa."

"Hafsa gani?"

"Umeona? Hata wewe humkumbuki. Aliyecheza mtumishi wa ndani kwenye filamu hiyohiyo, yule bubu. Hana neno hata moja. Mama mkwe anaposema yale maneno yake yote, anamwambia nani? Anamwambia Hafsa. Ukiona yanauma, si mdomo wa Zawadi unaokuonyesha. Ni mabega ya Hafsa. Na jina lake hata kwenye kushindanishwa halikuingizwa."

Alisema haya kwa joto ambalo hakulitegemea. Hafsa alikuwa mwenzake wa chumba kimoja. Alikwenda Oman kufanya kazi za ndani za kweli, na simu ya Zawadi ilipozama na namba zake, naye alizama.

Ridhiwani alifikiri kwa heshima, kisha akatikisa kichwa. "Mama, na pale kwenye sahani? Wote wamekwenda harusini, wamemwacha mama mkwe. Anapakua sahani mbili. Anakaa. Halafu anaichukua ile ya pili, anaurudisha wali chunguni taratibu, kama anaogopa kuna mtu atamsikia. Pale Hafsa yuko wapi? Pale yuko peke yake."

"Labda aliambiwa na mwongozaji."

"Wewe ulikuwepo?"

Zawadi akainamia beseni la maji.

"Mimi nitakwambia kitu," Ridhiwani alisema, na sauti yake ikashuka. "Mama yangu alikuwa anaishi peke yake Utete. Nilikuwa nampelekea unga, nasema nimemaliza wajibu. Filamu ile niliiona hapa, kwenye kibanda cha video, watu wanacheka wanakula karanga. Nilitoka kabla haijaisha. Kesho yake nikaenda kumchukua mama. Alikaa kwangu mpaka Mungu alipomtaka. Sasa wewe njoo uniambie tuzo si ya Zawadi!"

Lori lilipita, banda likatetemeka. Zawadi alitaka kusema. Maneno yalikuwa mawili tu, ndiye mimi, na katika maisha yake alikwishayasema maneno marefu kuliko hayo mbele ya umati. Hayakutoka.

"Kwani ulimjua?" fundi akauliza.

"Ni ndugu yangu."

Ridhiwani akasimama. Alijifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, kisha akamshika mikono yote miwili. "Pole sana, mama. Poleni na msiba. Sikujua."

"Tumeshapoa."

"Kaburi lake liko wapi hasa?"

"Maparoni. Mbali. Ni mpaka uvuke na boti."

Alidhani hapo ndipo yameisha. Katika basi la kurudi alikaa dirishani, mikono yake ikinuka grisi, na hakuipangusa.

Ridhiwani alikuja Ijumaa iliyofuata. Maji ya bahari yalikuwa yametoka, kwa hiyo yeye na mkewe Mwajabu walishuka kwenye tope, viatu mkononi, na mfuko wa sukari na sabuni. Mtu wa kwanza waliyemkuta alikuwa Sabra. Walimuuliza liliko kaburi la marehemu Zawadi, yule mwigizaji, wamekuja kumsomea. Sabra aliwatazama, akaona hawatanii, akawaongoza mpaka uani kwa Zawadi.

"Zawadi," aliita, na safari hii hakucheka. "Wageni wa kaburi lako."

Zawadi alitoka jikoni ameshika upawa. Ridhiwani alimtazama yeye, akamtazama Sabra.

"Wewe si ndiye ndugu?"

"Ndiye."

"Na marehemu?"

"Ndiye mimi, mwanangu."

Mwajabu akajiziba mdomo kwa kanga. Shingo ya Ridhiwani ilivimba. "Nimefunga banda. Nimemtoa mke wangu, anaogopa maji huyu, ametapika njia nzima. Nilikupa pole kwa mikono yangu miwili. Na wewe ukawa unanitazama tu?"

"Ulikuwa unanisifu," Zawadi alisema. "Ningekwambia ni mimi, ungeacha."

Sabra aliondoka polepole akarudi kwake. Kama kungekuwa na boti, Ridhiwani angepanda palepale, lakini boti ililala kwenye tope na isingetoka mpaka maji yajae. Mwajabu ndiye aliyekaa kwanza, akaomba maji ya kunawa miguu. Zawadi akamletea, kisha akarudi jikoni kuongeza mchele.

Walipokwisha kula, Ridhiwani alikuwa bado hajanyanyua macho. "Safari ya kusoma tumeshaifunga," alisema mwishowe. "Hatuwezi kurudi bila kusoma. Huna maiti wako hapa?"

"Nina mama yangu."

Wakaenda watatu, nyuma ya mashamba. Ridhiwani alisoma Yasini yote, sauti yake nzuri kuliko ilivyokuwa redioni. Zawadi alichuchumaa pembeni. Katika miaka yote hiyo walikuwa watu wa kwanza kutoka nje ya Maparoni kuja kwenye kaburi lile.

Walipokuwa wakirudi Ridhiwani akamsogelea. "Ule wali. Nani alikwambia uurudishe chunguni?"

"Hakuna. Mwongozaji alitaka nilie. Mimi nikaona mama yule hawezi kulia, akilia atasikika."

"Basi tuzo ilikuwa yako."

"Ya Hafsa."

"Mama, wewe mbishi!"

"Nawe humjui Hafsa."

"Mimi nilidhani tumekuja kuomboleza," Mwajabu alisema kutoka nyuma, na kwa mara ya kwanza siku ile wote watatu wakacheka. Wakabishana hadi pwani. Maji yalikuwa yamejaa, nahodha anaita. Ridhiwani aliandika namba ya Zawadi kwenye simu yake, akaahidi Alhamisi atasahihisha kosa lake hewani, Tanzania nzima ijue mama yuko hai.

Alhamisi ile Zawadi alioga mapema. Alijifunga kanga mpya, akakaa karibu na simu, kwa kuwa mtangazaji huenda angetaka kuzungumza naye, na haifai mtu kuitwa akawa anahema. Alikwishachagua cha kusema. Angeanza na Hafsa.

Mada ilikuwa nyingine, ya marefa wa ligi. Katikati ya ugomvi wa penalti sauti ya Ridhiwani ikasikika. Alieleza kwa haraka, akikatizwa, kwamba siku ile alikosea, Zawadi Mshamu yuko hai, amemwona kwa macho, anaishi Maparoni, ana afya.

"Alhamdulillahi!" alisema mtangazaji. "Kumbe yupo! Basi tunamsalimu sana mama yetu huko delta. Haya, fundi, na wewe penalti unaionaje?"

Ridhiwani hakuwa na la kusema kuhusu penalti. Akaingia mtu wa Rufiji mwenye maneno mengi. Zawadi alisubiri mpaka kipindi kikaisha na taarifa ya habari ikasomwa. Hakuna aliyepiga kusema amefurahi. Hakuna aliyerudia habari ya sauti yake. Alivua kanga mpya, akaikunja, akavaa ya shamba.

Mpunga ulikuwa umeanza kushika punje, ndege wameshaujua, na siku zile alishinda shambani akiwatimua kwa kupiga debe. Jumamosi simu ililia akiwa kulekule. Alikuwa Mwajabu.

"Kuna nini?" Zawadi aliuliza kwa hofu. "Mko salama?"

"Salama, mama. Sina neno. Nimekupigia tu nikujulie hali."

Zawadi alisimama na debe lake mkononi. Ilikuwa zamani mno tangu aulizwe hilo na mtu wa mbali, na jibu lilimpotea. Mwishowe alisema mpunga umeshika, ndege wanasumbua. Mwajabu akasema kwao jua kali. Zawadi akauliza kama kichefuchefu cha boti kilikwisha. Mwajabu alianza kujibu, na sauti yake ikakatikakatika, kisha ikazima.

"Haloo?" Zawadi alisema. "Haloo, Mwajabu?"

Alingoja, simu sikioni, ameligeukia bara. Nyuma yake ndege walirudi mmoja mmoja kwenye mpunga. Aliposikia wamekuwa wengi aliifunga simu kwenye pindo la kanga, akapiga debe.