Haki ya Kukatiza

Ukiolewa, huolewi na mume peke yake. Unaolewa na dada zake pia. Bi Mlipuko alilijua hilo tangu siku ya posa. Asilolijua ni kwamba dada mkubwa wa mumewe angekuwa na ofisi ukuta kwa ukuta na yake, na kwamba wangegombea darubini moja.

Bi Mlipuko lilikuwa jina la utani, alilobandikwa na wakwe zake kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mtafiti wa nyota, na nusu ya maisha yake aliitumia kuchunguza milipuko ya miali ya gama, yaani mwako wa ghafla unaotokea mbali kabisa huko juu na kuzimika kabla hujamaliza kupangusa miwani. Kwamba milipuko mikali hutokana na nyota kubwa zinazokufa, hilo halikuwa na ubishi. Yeye alidai hata ile dhaifu ni hivyo hivyo: subiri wiki mbili, utaona supanova, ndiyo nyota yenyewe ikipasuka, inang'aa mahali palepale. Wenzake walimsikiliza kwa heshima, kisha wakaenda kula. Alichokosa ni ushahidi, na ushahidi ulihitaji mlipuko dhaifu uliotokea karibu na kuwahiwa mapema.

Wifi yake alipenda vitu vya taratibu. Alipiga picha za galaksi za kale, hafifu mno, ambazo darubini huzikodolea macho muda mrefu ili ikusanye mwanga wa kutosha. Picha ya namna hiyo ikikatwa kabla ya wakati, unabaki na kiza. Darubini yenyewe ilikuwa juu ya mlima katika bara jingine, ambako usiku uliingia wakati wao wanakunywa chai ya asubuhi. Waliiendesha kwa kompyuta, wakiwa wamevaa kandambili za ofisini.

Sasa, watu wa milipuko walikuwa na kitu kinaitwa haki ya kukatiza. Mara moja kwa msimu, mtafiti aliweza kumwondoa mwenzake kwenye darubini ili awahi mlipuko. Mwaka uliopita Bi Mlipuko aliitumia, akamwondoa wifi yake, na mlipuko ukageuka kuwa kinyota cha jirani kilichochemka kidogo kikatulia. Kila shughuli ya familia tangu hapo, wifi mtu alikuwa na hadithi ya kuchekesha wageni.

Kwa hiyo asubuhi ile simu ilipompigia kelele kwamba setilaiti imenasa mlipuko dhaifu, ubavuni mwa galaksi ya karibu, moyo wa Bi Mlipuko uliruka kwa furaha, kisha ukaanguka puu. Alitazama ratiba. Darubini alikuwa nayo wifi.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alisimama kwenye korido, mkono umeinuliwa kubisha hodi, haubishi. Je, ikiwa ni kinyota kingine? Lakini mwanga wa mlipuko ulikuwa unafifia kadiri alivyokuwa akihangaika na nafsi yake. Akabisha.

"Wifi, naomba kukatiza."

"Leo tunaenda kuamkia kinyota gani?"

"Sijui, wifi. Huenda si kitu. Ila kikinipita nitalia mpaka nizeeke."

Wifi alimtazama. Akaitazama skrini, ambapo picha ya galaksi yake ilikuwa bado inajijaza. Akabonyeza. "Nimefunga. Nipe mahali pa kuelekeza."

Hakusema zaidi. Bi Mlipuko aliuchukua ukimya ule kuwa hasira, na aliona anastahili.

Mwanga ulikuwapo! Ulikuwa umebaki kidogo, unakwenda unazama, lakini waliuwahi, na vipimo vilionyesha kwamba ulitoka karibu kweli. Kilichobaki ni kusubiri supanova. Hapo ndipo tatizo jipya lilipojitokeza: haki yake ya msimu alikwisha kuila, na baada ya wiki mbili saa zote za darubini zilikuwa za watu. Tena mtu mwenyewe alikuwa wifi, aliyepewa fidia kwa siku aliyoharibiwa.

Alimwomba mumewe amsemee. Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu wa amani.

"Mke wangu," akasema, "mimi nashika nyaya za umeme kila siku, siogopi. Lakini kati yako na dada, siingizi mkono."

Basi akaenda mwenyewe, amejikunja, akaomba nusu ya zile saa.

"Nusu ya nini?" wifi akauliza. "Kwani supanova unaitazama kwa jicho moja? Njoo na kiti chako. Viti vyangu vina faili."

Siku ilipofika walikaa bega kwa bega. Darubini iligeuka, picha ikafunguliwa, na mwanga ukaanza kujikusanya pole pole. Bi Mlipuko hakuweza kutulia. Mara ainuke, mara akae, mpaka wifi akamwambia anamtingishia meza.

Hawajafika nusu, simu ya mezani ikalia. Alikuwa mtafiti mmoja mwanamke wa nchi nyingine, anaongea mbio kama anafukuzwa: ameona mlipuko, anaomba kukatiza.

"Sasa hivi?" Bi Mlipuko akaruka. "Hana adabu huyu? Watu wako kazini!"

Wifi alicheka mpaka akavua miwani. "Mkuki kwa nguruwe, wifi, kwa binadamu mchungu." Kisha akasema kwenye simu: "Tumekusikia, dada. Ila picha iko wazi, na sheria inaturuhusu kuimaliza. Subiri kama nusu saa."

Bi Mlipuko alishusha pumzi. Halafu ile sheria ikamkaa vibaya.

"Sheria gani hiyo?"

"Aliyekwisha kufungua picha ana haki ya kuimaliza. Ipo siku zote. Ninyi wa milipuko mnasoma ukurasa wa kwanza tu."

"Siku ile nilipokuja, picha yako ilikuwa imebakiza muda gani?"

"Kama huu huu."

Nusu saa. Siku ile, nusu saa ingetosha mwanga wote kuzama.

"Kwa nini ulifunga, wifi?"

"Galaksi zangu zina miaka bilioni kumi. Zitanikimbia ziende wapi?"

Bi Mlipuko aliona aibu na furaha kwa pamoja, na hakujua aanze na ipi. Wiki mbili nzima alikuwa akimkwepa mtu huyu kwenye korido. Na pale mezani simu ilikuwa bado wazi. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa anahema. Bi Mlipuko aliijua vizuri ile namna ya kuhema.

"Funga, wifi."

"Hatutapewa saa nyingine msimu huu. Unajua?"

"Najua. Funga."

Wifi akabonyeza. Picha ikaja na chenga tele, nusu mbivu nusu mbichi. Lakini mwanga ulipotandazwa rangi zake kwenye mchoro, mabonde yalikuwapo, mapana, alama ya matumbo ya nyota yanayotawanyika kwa kasi isiyosemeka. Supanova. Wakosoaji wangezilalamikia zile chenga, na walalamike. Bi Mlipuko alipiga kigelegele ambacho kilimtoa mhasibu ofisini kwake.

Wifi alikuwa amekwisha kuielekeza darubini kwingine. Kwenye simu, yule mwanamke alishukuru, akashukuru tena.

"Usinishukuru mimi," wifi akamwambia. "Mshukuru mdogo wangu, huyu hapa." Akamkabidhi Bi Mlipuko simu.