Mpishi Chini ya Glavu Nyekundu

Mimi hukusanya mabango ya filamu za zamani za mauaji na upelelezi. Mke wangu husema nimejaza wauaji nyumbani mpaka mgeni akilazwa sebuleni anaomba taa isizimwe. Si uongo. Wako kumi na tisa ukutani, na karibu wote wanakutazama kwa jicho moja, la pili limefunikwa na kofia.

Nilikuwa nimemkosa mmoja tu: mwanamke wa glavu nyekundu. Nilimsaka miaka kumi na moja, nikatapeliwa mara mbili, mara ya pili na yuleyule wa mara ya kwanza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nimesoma shule zote mbili na bado nafeli. Wiki iliyopita nikamkuta kwa seremala, amebandikwa kwenye ubao wa jumba la sinema lililofungwa zamani. Ubao wenyewe umegeuzwa mlango wa stoo. Nikampa seremala mlango mwingine, nikajitwika wangu mpaka nyumbani.

Mjomba akaja kuutazama. Watu humwita Brashi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mchoraji wa jumba lile, enzi ambazo mabango yakichelewa kufika yalichorwa kwa mkono. Aliuzunguka ubao, akaukwaruza pembeni kwa ukucha.

"Mpwa, wangu yuko chini ya huyu."

Hadithi hiyo tumekua nayo. Siku moja, asema mjomba, walimwonyesha filamu peke yake ili apate cha kuchora. Ikamkolea. Akachora kwa rangi ya mafuta, juu ya ubao wenyewe, kile kilichomgusa kuliko vyote: mpishi akitia sumu kwenye supu. Filamu iliitwa *Nani Alimuua Hakimu?* Watu wakafika mlangoni, wakatazama ubao, wakapata jibu, wakarudi makwao. Mwenye jumba akamfukuza mjomba palepale, akabandika bango la filamu nyingine juu ya mpishi, kwa gundi ya mbao, lisitoke milele.

Mama, dada yake, ana hadithi fupi zaidi: "Alifukuzwa kwa kulala kazini. Mengine ni nakshi." Miaka arobaini anaisema hivyo, mbele ya wageni na wakwe.

Gundi ya unga ingelegea kwa mvuke. Ya mbao haina huruma: mvuke huilainisha kidogo tu, karatasi inachanika. Kumtoa wa chini ni kumchana wa juu.

"Na kama hakuna kitu?" nikauliza.

"Basi dada alisema kweli, na wewe umekosa bango."

"Mbona huniombi?"

"Kitu ni chako. Mimi nanywa chai yangu naondoka."

Lakini chai hakuinywa. Alikizungusha kikombe tu, macho kwenye ubao. Nami nikajijua: nikimrudisha mwanamke ukutani, kila nikimtazama nitajiuliza nani yuko mgongoni mwake. Nikateleka birika, nikachukua kisu butu.

Glavu zilitoka vipande vipande. Niliumia kama mtu anayeng'olewa jino huku amelipia. Kisha chini ya shingo yake ukatokea weupe. Kofia? Nikaongeza mvuke. Zikaja nyusi, ikaja pua, ukaja mkono umeshika kichupa juu ya sufuria. Nikasahau kabisa kuumia. Nilitaka kuona supu.

Mjomba hakusogea. "Mwite dada," akasema.

Mama alikuja kutoka jikoni anajifuta mikono. Akavaa miwani, akainama, akamkagua mpishi toka kofia hadi sufuria. Nikangoja aseme neno la usingizi.

"Kaka," akasema, "hakimu alimkosea nini huyu?"

Mjomba akamsogezea kiti. "Keti kwanza. Inaanza na barua isiyo na stempu."