Sisimizi wa Mathenge

Kila Jumamosi asubuhi, Mathenge wa mtaa wa Skuta huwalisha sisimizi wake. Ni sisimizi wavunaji, wenye vichwa vikubwa, na anawafuga katika tangi la kioo lililokuwa la samaki. Anawawekea mbegu za nyasi, wimbi na mchele wa pishori, ule unaonukia, anaouagiza kutoka mashamba ya Wang'uru, kwa kuwa mchele wa dukani, kwa maoni yake, utawaharibia tumbo. Analowesha pamba ili malkia asikose maji, anawapa panzi aliyekufa, kisha anazoa makapi. Yeye mwenyewe anakula ugali wa jana.

Majirani tunamcheka, naye hujicheka mapema ili asituachie nafasi. Husema amefuga watoto wakamkimbia, akafuga kuku wakaibwa, sasa amepata mifugo ya kiwango chake.

Mwezi wa tano aliona ghala lao halijai. Akawavizia. Walitoka chini ya mlango, kila mmoja na punje yake kinywani, wakashika barabara ya Othaya. Magari yaliwapisha. Mathenge alidhani wamemhama na akahuzunika sana, lakini jioni walirudi, vinywa vitupu.

Kisha mama yake, Nyaguthii, akapiga simu. Anaishi peke yake Othaya, na kwa kuwa Mathenge alipewa jina la babu mzaa mama, humwita baba.

"Baba, watu wako wamefika," alisema. "Mchele ni mzuri, haina mawe. Na wewe utakuja lini?"

Alisema wiki ijayo. Amekuwa akisema hivyo tangu Krismasi ya mwaka juzi, na Othaya si mwendo wa saa nzima. Aliona aibu, kweli, masikio yakamwaka. Akaitibu aibu hiyo kwa kuagiza gunia zima la pishori.

"Mchele imetosha," mama alisema alipopiga tena. "Waambie wakulete wewe."

Hakuwaambia. Ila simu ilikuwa kwenye spika, karibu na tangi.

Jumamosi iliyofuata alikuwa amekaa kitini akisubiri mpira, kiti kikainuka kidogo na kutoka naye mlangoni. Sisimizi walikuwa chini yake, wanakwenda polepole ili wasimmwagie chai. Alipopita langoni alitupungia mkono kama diwani. Tulimtakia safari njema, na mmoja wetu akamwagiza ndizi.

Mji ulipoishia alikumbuka kwamba Arsenal inacheza. Tena hakuwa amenyoa, na mtu haendi kwa mama mikono mitupu. Sababu zilimjia kwa wingi, kama kawaida yake. Akashuka, akawashukuru sisimizi, akarudi kwa miguu. Wao walisonga mbele na kiti.

Jioni simu ikalia.

"Baba, kiti imefika," mama alisema. "Niliiona kutoka mbali, nikaweka chai ya watu wawili."

Mathenge alimwambia akikalie tu, ni kizuri kwa mgongo. Mama akasema hapana, kiti iko na mwenyewe, ataiacha hapo mlangoni.

Jumatatu Mathenge alinunua kingine, cha mbao ya mkangazi, kizito zaidi. Sisi majirani, ambao mama zetu wako huko huko Othaya wakitungoja, tulimcheka hadi machozi. Kisha tukamwomba atugawie sisimizi.