Twiga Aliyekaa Kitako

Mume wangu anasimulia safari vizuri kuliko anavyoiendesha, na anaiendesha vizuri. Hilo niliseme mapema, maana mtu akinisikia nikilalamika anaweza kudhani nimeolewa na mtu wa hovyo. Ni dereva wa basi la shule. Watoto walianza kumwita Babu Basi zamani, kabla hajawa babu wa mtu yeyote. Likizo hii ndefu tulichukua pikapu yetu kuukuu, tukavuka mipaka, tukaenda kumwona binti yetu aliyeolewa huko mbali na kujifungua mtoto wake wa kwanza. Tulirudi salama. Tangu turudi, sebule yangu imegeuka ukumbi wa maonyesho.

Kila mgeni akiingia, mzee huyu anapanga viti viwili sambamba, vikitazama ukutani. Kimoja chake, kimoja changu. Anachukua sinia langu la bati, analifanya usukani, na safari inaanza upya: anakata kona, anakanyaga breki, anapiga honi kwa mdomo. Mimi ni fundi cherehani, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Sketi za sare zimejaa kochi zima, mkanda wa kupimia unaning'inia shingoni, pini ziko mdomoni. Nafasi ya kwenda kukaa kwenye kiti cha abiria nitaitoa wapi? Kwa hiyo kiti changu hubaki kitupu, naye anakisemesha hivyo hivyo kana kwamba nimo.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeondoa kalenda pale ukutani, nikatundika picha kubwa ya mjukuu wetu. Nilitaka aione mwenyewe, afurahi. Alipita mbele yake mara kadhaa, akanywa chai akiwa ameielekea, hakusema neno. Nikanuna kidogo, nikaendelea na kazi.

Mchana akaja wifi yangu, dada yake mkubwa, mwanamke asiyeamini neno lolote kabla ya kuligeuza pande zote. Viti vikapangwa. Sinia likashikwa.

"Basi tukapanda vile vilima vyekundu," mzee akamwambia. "Vimekaa kama mikate iliyotoka tanurini, vingine vimepasuka juu."

"Wee!"

"Haki ya Mungu. Ukitazama chini bondeni, mto mwembamba huo, unang'aa kama uzi uliodondoka sakafuni."

Mkono wangu ukasimama juu ya pindo. Mikate ilikuwa maneno yangu. Uzi pia ulikuwa wangu. Dereva gani akiuona mto anafikiria uzi?

Kule safarini, kazi ya kumsomea barabara niliianza kwa utani tu. Tulipoondoka aliniita utingo wake, na utingo kazi yake ni kumwitia dereva. Basi nikawa naita: "Kona hiyo! Punda hao, kushoto! Lori linakuja, limejaa tope!" Naye anajibu, "Nimeona, utingo." Tunacheka. Nilijiona kama msichana. Kisha tukafika njia panda fulani, akauliza, "Kibao kile kinasemaje? Jua linanipiga machoni." Nikamsomea. Tulipokwisha kupinda ndipo nikatambua kwamba jua lilikuwa nyuma yetu. Nikajiambia amechoka tu. Lakini tangu hapo sikunyamaza tena. Niliita kila kibao, kila shimo, kila mbuzi, mpaka sauti ikakwaruza, kwenda na kurudi, na kila lililotaka kunijia kichwani nilikuwa nalisukuma nyuma.

"Sasa sikia hii ya twiga," mzee akasema.

Nusura nimeze pini.

"Tuko kwenye uwanda mtupu, hakuna hata kichaka. Mara, kando ya barabara, twiga! Amekaa kitako, dada yangu. Kachoka huyo, shingo kailaza juu ya rundo la mchanga."

"Twiga akae kitako kando ya barabara, magari yanapita?"

"Huyu alikaa."

"Hebu toka hapa na uongo wako."

"Nimemwona kwa macho yangu haya mawili!"

Mume wangu akitania hushika sikio. Ni tabia yake tangu enzi za uchumba. Uongo wa kuchekesha ukimtoka, mkono unapanda wenyewe mpaka sikioni. Nilimtazama. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye sinia.

Hakukuwa na twiga. Kulikuwa na kreni ya wajenzi wa barabara, ya rangi ya njano, imeinamisha mkono wake mrefu juu ya mchanga. Nilikuwa nimechoka kusoma vibao, nikaamua kumchokoza: "Tazama twiga kakaa kitako, maskini, kalaza shingo mchangani." Nikangoja acheke. Akasema, "Nimemwona. Kachoka kweli." Nikadhani ananijibu utani kwa utani. Tukapita.

"Eti wifi," dada mtu akanigeukia, "ni kweli anayosema huyu?"

Ningeweza kusema hapana, tukacheka wote watatu, yakaisha. Lakini nilijua sasa, na kumvua mtu nguo mbele ya dada yake siwezi, hata awe amenikosea namna gani.

"Ni kweli," nikasema. "Alikaa."

Wifi aliaga akitikisa kichwa, akituita wazushi wote wawili. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Niliporudi nilitema pini zote kwenye kikopo, nikaenda kukaa kwenye kile kiti cha abiria. Mzee akafurahi sana.

"Leo utingo kaja kazini!" Akashika sinia sawasawa.

"Mbele yetu kuna nini?" nikamuuliza.

"Ukuta," akasema, akicheka.

"Na ukutani?"

"Kalenda. Kwani kuna nini kingine?"

"Hebu tazama tena." Nilimsikia akivuta pumzi. Alisogeza uso mbele, akakunja macho, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Si kalenda?"

"Ni mjukuu wako, mume wangu. Yuko hapo tangu asubuhi."

Sinia likateremka magotini. Tukakaa hivyo, tukiutazama ukuta, watu wawili ndani ya gari lisilokwenda popote.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Kabla ya safari. Siku ile niliyokwambia napeleka pikapu kwa fundi, nilikwenda hospitali ya macho. Daktari anasema mshipa wa jicho umechoka. Kilichokwenda hakirudi. Yale matone ninayotia machoni kila usiku ni ya kulinda kilichobaki."

"Uliniambia matone ni ya vumbi."

"Nilikwambia hivyo."

Hasira ilinipanda. "Umenipakia kwenye gari, umenipitisha kwenye miteremko ile, na huoni?"

"Barabara yenyewe naiona. Vitu ndivyo nisivyoviona mpaka vifike karibu. Na wewe ulikuwepo."

"Na kama ningesinzia?"

"Wewe? Usinzie na kuna kitu cha kusema?"

"Usinichekeshe! Ungetuua wote wawili, mtoto aambiwe babu na bibi walikuwepo juzi tu. Kwa nini hatukupanda basi kama watu?"

"Tukipanda basi unalala njia nzima, nakujua. Nani angenisimulia?" Alizungusha sinia kidogo magotini. "Nilitaka kumwona mtoto kabla giza halijaniingilia kabisa. Nikaogopa kwamba nikikwambia, utanifungia ndani."

Ningemfungia, ndiyo. Nikakumbuka siku tuliyofika, alivyompokea yule mtoto mchanga. Alimwinua mpaka pua zao zikagusana, akakaa naye hivyo muda mrefu, macho wazi, hapepesi. Binti yetu akasema, "Mama, hebu mwone baba, anamnusa mtoto!" Tukacheka nyumba nzima. Kumbe alikuwa anamtazama. Sioni haya kusema kwamba nililia pale kwenye kiti, na mkanda wa kupimia nikaufanya leso.

"Ulimwona?" nikauliza.

"Nilimwona. Ana kidevu chako, masikini ya Mungu. Atakuwa mbishi."

Tulicheka kidogo, kisha nikasema lile nililokuwa nalizunguka tangu wifi aondoke.

"Na Jumatatu?"

Kumbe alikuwa ameshaipanga Jumatatu. Aligeuza kiti chake kunielekea, sauti ikawa ya mtu anayeomba ruhusa. "Shule inatafuta mama wa kukaa na watoto ndani ya basi. Kubali kazi hiyo. Utakaa kiti cha mbele, uniitie kama ulivyokuwa ukiniitia. Tumekatiza nchi za watu hivyo hivyo, tutashindwa na njia ya hapa nyumbani ninayoipita kila siku? Nikiwa sina basi, mama, mimi ni nani? Nitakaa hapa nikuhesabie pini?"

Mungu anisamehe, niliona inawezekana. Nilijiona nimeketi pale mbele na kitambaa changu cha kichwa, watoto wanaimba nyuma yetu, yeye anajibu, "Nimeona, utingo," na hakuna anayejua. Nilimwona akizeeka taratibu, na heshima yake mkononi. Ninampenda mtu huyu. Kumnyang'anya basi ilikuwa kama kumwambia avue ngozi.

Nikanyoosha mkono kwenye kochi nipate cha kushika, nikaokota sketi ya juu. Ilikuwa ya mtoto anayeanza darasa la kwanza. Mama yake alimleta tukampima, hakutulia hata kidogo, alikuwa anarukaruka akiuliza kama ni kweli basi lina babu. Kiuno cha sketi ile ni kama mdomo wa sufuria yangu ndogo. Mtoto wa kimo hicho akipita mbele ya basi, hata mimi mwenye macho huenda nisimwone.

"Mzee," nikasema. "Yule twiga."

"Kafanyaje?"

"Hakuwepo. Ilikuwa kreni ya wajenzi. Nilikuwa nakutania."

Akacheka. "Acha hizo. Nilimwona."

"Hukumwona."

"Nilimwona! Alikuwa na madoa, ya mgongoni yamefifia kwa vumbi. Na mkia ulikuwa unafukuza nzi."

"Habari ya madoa sikukwambia," nikasema. "Wala ya mkia."

Alifungua mdomo ajibu, halafu akajisikia mwenyewe. Mkono wake ulipanda polepole kuelekea sikioni, ukaishia njiani. Sijapata kumwona amepotea namna ile, hata siku tuliyomzika mama yake.

"Lakini nilimwona," akasema, sasa kwa sauti ndogo.

"Najua."

"Kwa hiyo ukiniambia kuna twiga, naona twiga."

"Ndiyo."

"Na ukiniambia njia nyeupe, haina mtu..."

 Nilimwekea ile sketi magotini, juu ya sinia. Akaipapasa kiuno, akaizungusha ndani ya vidole, akajua ni ya kimo gani. Watoto wa kimo hicho amewanyanyua kuwapandisha basi maisha yake yote. Kisha akaikunja vizuri, akanirudishia, na sinia akaliweka chini.

"Mwalimu mkuu yuko shuleni leo?"

"Yupo. Wanapokea madawati."

"Vaa viatu," akasema, akaenda mlangoni na kupapasa msumari ambapo ufunguo wa basi hukaa wakati wa likizo.

Mwanzoni alikataa nimshike mkono. Tulipofika barabarani akanishika kiwiko, kama mtu anayenisindikiza mimi. Nikaanza kuita, safari hii kwa sauti ya chini: mtaro, baiskeli, matofali ya jirani, mama mwenye beseni la nyanya. Hakusema "nimeona" hata mara moja. Alisema, "Haya." Kila nilipoita, alisema, "Haya," na akainua mguu.

Mwalimu mkuu alisimama alipotuona. Ni mwanamama mcheshi, mwenye sauti ya kujaza uwanja. "Babu Basi! Karibuni, karibuni. Watoto wamekuulizia likizo nzima."

Mume wangu aliutafuta ukingo wa meza kwa vidole, kisha akauweka ufunguo juu yake taratibu, usitoe hata mlio.

"Mwalimu, macho yangu yamestaafu kabla yangu. Watafutie watoto dereva mwingine, tena leo, Jumatatu isije ikakukuta huna mtu."

Mwalimu mkuu alinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo. Aliuchukua ufunguo, akaushika kwa mikono miwili, akaketi, akasimama, akaketi tena. Alisema pole mara mbili. Alipoishiwa la kusema, akauliza lile wanalouliza wote.

"Na safari je? Nasikia mlikwenda mbali kweli. Hebu nisimulie, Babu."

Mume wangu alikaa vizuri kwenye kiti, akainua mikono yote miwili mbele yake, pale ambapo sinia hukaa. Nilingoja aanze na vilima. Mikono ikabaki hewani kidogo, halafu akaishusha magotini na kunigeukia.

"Muulize mke wangu," akasema. "Yeye ndiye aliyeiona."

Nikavuta kiti changu mpaka kikagusana na chake, nikaanza na ile kreni.