Mbwa Aliyechaguliwa kwa Macho

Tangu mkewe Elna afariki, mzee Arvid Sandvik alikuwa akizungumza na redio. Ikitangaza theluji, huijibu: "Hata jana ulisema hivyohivyo, mwongo wewe." Binti yake Karin, aliyeishi mji wa pili, alimsikia siku moja kwenye simu. Roho ikamuuma, akaamua baba yake apate mbwa.

Kwenye makao ya mbwa waliotelekezwa alisimama mbele ya haski, mbwa wa nchi za theluji, mwenye macho ya bluu, akashindwa kubanduka. Rhonda, mlezi wa mbwa hao, akatikisa kichwa.

"Huyu kijana bado, dada. Damu yake ni kuvuta na kukimbia. Baba yako ana umri gani?"

"Anakaribia themanini. Lakini yuko imara."

"Imara wa kukimbizana naye msituni kila asubuhi? Njoo umwone Biskuti. Mzee mwenzake, anachotaka ni miguu ya mtu ya kulalia."

"Huyo mwenye jicho moja? Nimpelekee baba mgonjwa wa kuuguza?"

Karin alimng'ang'ania haski, akaapa kwenda kwa baba yake kila Jumamosi kumkimbiza. Rhonda akakubali shingo upande.

Arvid mwenyewe hakuulizwa. Lakini mbwa alipoingia jikoni, akaparamia meza na kufagia soseji zote, mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Jambazi mkubwa wewe!" Jina likawa hilo.

Jumamosi za mwanzo Karin alikuja. Kisha watoto wake wakawa na mechi za hoki, kisha barabara zikafungwa na theluji, kisha akawa anapiga simu tu. Jambazi, na nguvu zake zisizo na pa kwenda, alichana kochi, akafukua chini ya uzio, akalia kama mbwa mwitu hadi majirani wakaja kugonga mlango.

"Anaendeleaje?" Karin aliuliza.

"Malaika mtupu," Arvid alijibu. Aliogopa wangemnyang'anya mbwa. Akawa anamtoa mwenyewe, kamba ameizungusha kiganjani.

Asubuhi moja kulungu alikatiza barabara. Jambazi akachomoka, Arvid hakuiachia kamba. Jirani alimkuta kwenye barafu, nyonga imevunjika, mbwa amejilaza ubavuni pake kumkinga na upepo.

Hospitalini Karin alilia kwa hasira. "Shetani yule! Angekuua!"

"Aliona kulungu, mwanangu. Ulitaka ampungie mkono?"

"Ningekuwa nakuja kama nilivyoahidi..."

Arvid aliutazama ukuta. Hakumlaumu, wala hakumwambia si kosa lake.

Karin alimrudisha Jambazi. Alikuwa amejiandaa kukaripiwa, lakini Rhonda alipokea kamba kimya, akapiga goti na kumkuna mbwa nyuma ya masikio. Hilo lilimchoma kuliko matusi. Mlangoni akageuka, akauliza kuhusu Biskuti.

"Yupo bado. Nani amchukue?"

Lakini mzee hakurudi tena nyumbani. Ngazi zilimshinda, nyumba ikauzwa, na makao ya wazee alikohamia hayakuruhusu hata paka.

Jambazi alipata bwana kaskazini, mtu anayefuga mbwa wa kuvuta sleji, mikokoteni ya kuteleza thelujini. Mwishoni mwa baridi bwana huyo alimtumia Rhonda picha, naye akamtumia Karin. Karin alikaa kitandani pa baba yake, akamsogezea simu. Pichani theluji ilikuwa ikiruka, na Jambazi yuko mbele ya wenzake, ulimi nje.

"Amekonda," Arvid alisema.

"Anakimbia siku nzima, Baba. Wanasema ana furaha."

"Inaonekana." Akaisogeza simu karibu na uso. "Inaonekana kabisa."

Kisha akaanza kulia. Karin akamshika mkono, na hivyo ndivyo walivyokaa mpaka muuguzi alipoleta chakula cha jioni, ambacho hakuna aliyekigusa.