Ndama Chumbani Kwangu

Niliporudi kutoka kijijini kwetu Mamba kuvuna mpunga, Julai ya mwaka tisini na sita, nilikuta ndama wawili wamelala chumbani kwangu. Sisemi uani. Chumbani, pale pale mwanangu Eufrazia anapotandika mkeka wake, na kitanda changu kimetolewa uani. Mmoja aliniangalia kana kwamba mgeni ni mimi.

Chumba chenyewe kilikuwa mtaa wa Kawajense, kwenye nyumba ya Mzee Manyanda, Msukuma aliyehamia Mpanda na ng'ombe wake. Kodi nilikuwa nimelipa hadi Septemba. Eufrazia, ambaye nilikwenda naye mavuno kwa kuwa ilikuwa likizo, alikuwa darasa la saba, mtihani ulikuwa umebaki miezi miwili, na bila chumba kile ingebidi nimrudishe kijijini na masomo yake yaishie hapo. Hilo ndilo lililonikata maini.

"Mzee, umenifukuza?" nikamuuliza Manyanda.

"Nikufukuze mimi? Mama Eufrazia, wewe ulihama," akajibu. "Sufuria ulichukua. Kuku ulichukua. Kufuli nalo ulichukua. Mlango umeufunga na kamba."

"Na kitanda je?"

"Kitanda kinaachwa. Sisi tukihama tunaenda na ng'ombe na chungu. Nani anabeba kitanda?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kumrukia. Kwetu Mamba, wakati wa mavuno watu wanahamia shambani na vyombo vyao vya kupikia, na kufuli linakwenda huko huko kulinda mpunga, maana mpunga ndio unaoibwa. Nyumbani unafunga kamba tu, na kamba hiyo haiguswi. Wala huagi. Utamuaga nani, na wote mko shambani? Mimi nikaibeba tabia hiyo nzima nzima nikaileta mjini, kwa mtu ambaye maisha yake yote akiona watu wametoka na sufuria na kuku, hawarudi.

Kosa langu nililijua, ndiyo maana nilianza kufunga mizigo. Nani abishane na mwenye nyumba? Jirani yangu Specioza, ambaye ndiye alikuwa balozi wa nyumba kumi zetu, akanikuta nakunja blanketi. Akaninyang'anya.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumba ni yake, dada."

"Nyumba ni yake, chumba umekipanga wewe. Mtu hatolewi hivi hivi. Ukishabeba huo mzigo ndiyo utakuwa umehama kweli. Twende Baraza la Kata."

Nilidhani Baraza ni la watu wenye mashamba makubwa na kesi nzito. Kumbe ni mabenchi mawili, meza yenye mguu mbovu, wajumbe wachache na katibu aitwaye Telesphor, mzee mpole anayeandika polepole mpaka unatamani kumpokonya kalamu. Alimsikiliza Manyanda mpaka mwisho. Akanisikiliza na mimi. Akamuuliza Specioza kama alikuwepo siku tulipopatana chumba, naye akasema alikuwepo. Wajumbe wakanong'onezana kidogo, kisha katibu akaweka kalamu chini.

"Mzee Manyanda, ulimuuliza balozi kabla ya kuingiza ndama?"

"Hapana."

"Uliandika notisi?"

"Nimwandikie mtu aliyehama?"

"Alihama machoni kwako tu. Mpangaji hatolewi kwa kukisia. Ukitaka chumba chako, mpe notisi. Asipokubali, mnakuja hapa nyie wawili. Na humo huingii bila yeye kukuruhusu." Kisha akanigeukia, nami nikainama. "Na wewe mama, hapa siyo Mamba. Ukisafiri, aga."

"Nitaaga, baba."

Ikaamuliwa ndama watoke kabla ya saa sita kesho yake, na aliyewaingiza asafishe sakafu na kuisiriba upya kwa udongo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Manyanda akaniambia tu, "Ningejua unarudi, ningekungojea." Nikamwamini, na hilo likaniudhi zaidi, kwa sababu hasira niliyokuwa nimeitunza tangu asubuhi haikuwa na pa kwenda. Nilipofika nje nikakaa kwenye ngazi ya ofisi nikalia, nikalia kwa raha kabisa, huku Specioza akinicheka na kunifuta machozi kwa upande wa khanga yake.

Kesho yake jioni kitanda kilikuwa kimerudi ndani. Eufrazia alikuwa amekaa juu yake na daftari la hesabu. Chumba kilinukia udongo mbichi na, nisiwe mwongo, ndama kidogo. Manyanda alikuwa amesahau ndoo yake ndani baada ya kusiriba, akaja kuifuata.

Mlango ulikuwa wazi. Miaka miwili niliyopanga pale, mzee huyu alikuwa akiingia moja kwa moja, mara kuangalia bati, mara kutafuta jembe, hata nikiwa navaa. Safari hii akasimama nje, kofia mkononi.

"Hodi," akasema.

Nikaendelea kukunja nguo, nione atafanyaje. Hakuingia. Eufrazia akaacha kuandika, akanitazama.

"Hodi hapa, Mama Eufrazia."

"Karibu, mzee," nikasema. "Pita ndani."