Mtangazaji wa Ukutani

Mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Macho sasa alikuwa haoni. Alibakiwa na weupe upande wa dirisha na weusi upande wa kabati, basi. Jina lakini halikumtoka. Wapita njia walimsalimu mlangoni, "Macho, habari za tangu juzi?" naye aliigeukia sauti, mara nyingine akaigeukia vibaya, akaitikia ukuta.

Siku hiyo alikataa chai. Alikaa ukingoni mwa kitanda amevaa jezi ya bluu iliyokwisha kola, fimbo katikati ya magoti, anasikiliza pasi ya mkwewe ikipita juu ya nguo chumba cha pili. Mkwewe alikuwa dobi, mke wa mwanawe aliyekuwa dereva wa lori. Hakuwa msemaji. Alikuwa na tabia ya kuitazama nguo kwa muda mrefu kabla hajaigusa, mpaka wenye haraka zao wakamwona mzito.

"Baba, chai inapoa."

"Nipeleke uwanjani."

"Mechi haina watazamaji leo. Si walitangaza? Geti limefungwa, hata mwenyekiti haingii."

"Nani kataja geti? Nipeleke ukutani."

Pasi ikanyamaza.

Timu ya Kiwandani ilizaliwa na wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, enzi kiwanda kikiwa bado kinapiga king'ora. Kiwanda kilikufa, timu ikabaki. Leo ilicheza mechi ya mwisho ya msimu, na sare tu iliitosha. Ikifungwa inashuka daraja, na tajiri aliyeinunua alikwisha kusema mbele ya watu bila hata kupepesa: ikishuka, anaivunja, geti anapiga kufuli, uwanja unakuwa maghala. Juu ya hayo, mashabiki walikuwa wamerusha viti mechi iliyopita, timu ikahukumiwa kucheza mbele ya jukwaa tupu. Redio nayo haikuwa na habari na timu ya mkiani.

Kwa wengine hiyo ilikuwa timu tu. Kwa Macho, picha zote alizobaki nazo kichwani zilipigwa pale. Sura ya mwanawe ilikuwa imeanza kumfutika. Sura ya marehemu mkewe aliweza kuipata kwa njia moja tu: aanze na ule ukuta wa uwanja, ashuke nao taratibu, mpaka amkute amesimama chini katikati ya watu, kitambaa cha bluu kichwani, mdomo wazi, anamtazama yeye juu. Uwanja ukivunjwa, aliwaza, nitaanzia wapi?

"Baba, umekunja uso. Unaumwa?"

"Twende, mwanangu. Tutachelewa."

Mkwewe alichukua blanketi la kupigia pasi, akalikunja kwapani. Hakusema la nini. Alimpa mkwe wake kiwiko, wakatoka.

Njiani Macho alizungumza kama mtu mwenye homa. Zamani, siku ya mechi, mtaani hakubaki mtu wa maana ndani. Cherehani zilifunikwa mapema. Ngoma ilitangulia, nyuma yake likaja jeneza la maboksi lililopakwa njano, rangi ya wapinzani, na nyuma ya jeneza wanawake wa kiwandani wakilia kilio cha uongo mpaka machozi ya kweli yakawatoka. Jezi iliyoshinda haikufuliwa mpaka siku ya kufungwa. Mwaka mmoja timu ikakataa kabisa kufungwa, na mkewe Macho akawa anaishika jezi ile kwa kijiti, anaitundika nje, anasema, "Kaa huko na wenzako nzi."

"Mimi ningeifua," alisema mkwewe.

"Ndiyo maana hukuzaliwa wakati ule."

Waliokuwa na nafasi waliingia ndani. Waliobaki, na ndio waliokuwa wengi, walisimama nje ya ukuta. Juu ya ukuta akakaa Macho, fundi bomba, mguu mmoja ndani mmoja nje, amejishika kwenye bomba la maji alilolifunga kwa mikono yake. Aliona, akasema. Umati wa chini uliishi kwa mdomo wake. Akisema winga kateleza, watu wazima walishika viuno kama walioteleza wao. Mkewe alimpendea hapo. Alikuwa akisema, "Nilianza na sauti. Sura nilikuja kuiona baadaye, nikasema haya, si neno, nimeshachelewa."

Ukutani waliwakuta watu wamejaa. Simu zilikuwa mikononi na hazikusaidia kitu. Moja ilisema mechi haijaanza, nyingine ilisema imeahirishwa, na huku ndani filimbi ilisikika na mpira ulisikika ukipigwa, buu, buu, kama mtu anayekung'uta godoro katika nyumba iliyohamwa.

"Pisheni jamani!" sauti ilipaa. "Televisheni imefika! Tatizo lake picha haitoki, sauti tu."

Macho alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kinyozi huyo. Bado unakata watu masikio?"

"Yako niliyaacha makusudi. Nilijua iko siku utayahitaji." Kinyozi alimshika bega. "Macho, tunakufa hapa. Hakuna anayejua kinachoendelea. Juu kote wamepanda chupa zilizovunjika."

"Kwenye bomba?"

"Kwenye bomba hawakuweka. Lakini ni jembamba, vijana wamejaribu wakaanguka."

Macho alipapasa ukuta mpaka akalipata. Bomba lilikuwa na kutu, ila kile kiungo alichokikaza mwenyewe bado kilikuwa kigumu. Aliweka mguu, akajivuta. Kinyozi alimdaka kiunoni.

"We mzee una wazimu? Ukifika juu utatuambia nini, hali ya hewa?"

Watu walicheka, kisha wakaacha. Macho alibaki amekumbatia bomba, paji la uso kwenye chuma, anahema. Ndani, upande wa karibu, mtu alipiga kelele ya kuomba mpira. Alikuwa karibu hivyo.

"Mwanangu," alisema bila kugeuka. "Panda wewe."

"Mimi?" Mkwewe alishusha sauti. "Baba, nipande ukuta, na wewe mkwe wangu uko chini?"

"Katika watu wote hapa, mimi ndiye pekee nisiyeweza kuona chochote. Panda."

Mkwewe akakaza nguo kiunoni, akatupa blanketi juu ya ukuta, akapanda bila papara, kama mtu anayepanda kitandani kwake.

"Sikiliza," Macho alimwambia kutoka chini. "Unasema unachokiona, husemi unachokitaka. Na neno 'nyavu' usilitamke mpaka uzione zinatikisika. Zamani hata iwe penalti, hata kipa awe amelala, hakuna aliyeshangilia mpaka nilitamke. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba. Tuanze?"

"Anza."

"Wa bluu wana mpira. Yule mrefu anaukimbiza. Soksi yake moja imeshuka. Wa njano kamgusa, kaanguka. Anajishika goti analia, lakini jicho moja limefunguka, linamtafuta refa."

Umati ulipasuka kwa kicheko. "Huyo ni wetu!" kinyozi alipiga kelele. "Endelea, mama!"

Aliendelea. Hakujua kuotea ni nini wala nani anacheza namba gani, ila hakukipita kitu. Alisema kocha wetu amelivua koti, akalivaa, akalivua tena. Alisema beki wa kushoto anachechemea anapodhani hatazamwi. Macho alifumba macho yasiyoona na picha zikaanza kuja, moja, nyingine, nyasi zenye kipara golini, chokaa iliyopinda. Askari wa uwanja alipita nje akamkemea, "Wewe mama, shuka upesi!" Kisha akasogea, akauliza taratibu, "Ngapi ngapi?"

"Bila bila."

"Haya, shika vizuri usianguke."

Kabla ya mapumziko sauti ya mkwewe ilibadilika. "Wa njano wanakuja huku kwetu. Wamempita anayechechemea. Amepiga." Kisha, kwa sauti ya mtu anayemrudishia mteja nguo iliyoungua: "Nyavu. Kipa wetu anautoa mpira ndani."

Hakuna aliyeuliza mara mbili. Kinyozi alichuchumaa chini. Macho alisimama, fimbo imemzama mchangani.

"Tunataka moja tu," alisema. "Moja. Kipindi cha pili tunashambulia goli la huku. Nitalisikia."

Kipindi cha pili kilikuwa kama kumshika mkono mtu anayezama. Mpira ulikaa upande wa karibu, walimsikia kipa wa njano akiwatukana mabeki wake. "Kona yetu," alisema mkwewe. "Wameutoa. Kona tena. Umegonga mlingoti." Umati uliguna kama tumbo moja. Macho alimwomba Mungu, akamwomba mkewe, akaliomba hata bomba. Sijaomba kuona, alisema moyoni. Nimeomba goli moja la kizembe, hata la kugonga kisogo. Alijikuta akitaja tu majina ya utani ya wachezaji waliokwisha kufa, mmoja mmoja, kama anawaita waje kusaidia.

"Refa anatazama saa," alisema mkwewe. "Yule mrefu wa soksi kaupata. Anakuja. Anakuja, baba, kamzunguka beki, kapiga..."

Buu.

"Nyavu!" alipiga kelele. "Nyavu! Nyavu zimetikisika!"

Ukuta wote ulilipuka. Watu walirukiana, kinyozi alimnyanyua Macho juu, fimbo ikaanguka, askari alirusha kofia yake. Na Macho aliona. Aliiona ngoma, aliliona jeneza la njano likipita juu ya vichwa, alimwona mkewe chini ya ukuta, kitambaa kimemtoka, anacheka, meno yake yote, na ile chunusi ndogo ya kidevuni aliyokwisha kuisahau. Alilia kwa sauti bila aibu. "Tumebaki!" alisema. "Tumebaki, tumebaki!"

"Baba."

Hakusikia.

"Baba!" Sauti ya juu ilikuwa nyembamba. "Mbona hawaendi katikati? Kipa wao ameuweka mpira chini. Anapiga yeye."

Kinyozi alimshusha polepole. Kelele zilikufa kuanzia karibu, zikaenda zikifia mbali, mpaka mwisho wa umati ambako walikuwa bado wanaimba, nao wakanyamaza.

"Mpira ulipita wapi?" Macho aliuliza.

"Ulikuja upande huu wetu. Nyavu zilitikisika, naapa, niliziona kwa macho yangu."

"Upande huu wa ukuta."

"Ndiyo. Huu."

Macho alishika bomba. Kutoka juu pale goli huonekana kwa ubavu. Mpira unaopita nje ya mlingoti unazipiga nyavu kwa nje, nazo hutikisika vilevile. Alilijua hilo miaka yote. Ndiyo maana baada ya nyavu macho yake yalikwenda kwa kipa, anainama ndani au anakwenda nje, kisha ndipo mdomo ukafunguka. Yalikwenda yenyewe. Hakuwahi kuyafundisha, wala hakuwahi kujua kwamba ni jambo la kumwambia mtu.

"Mshusheni huyo!" mtu alifoka. "Anatuua na presha! Arudi kwenye pasi zake!"

"Asiguswe!" Macho aliinua mkono. "Kasema alichokiona. Mimi ndiye ambaye sikumwambia kwamba nyavu zina nje." Akageukia juu. "Muda bado upo?"

"Bado wanacheza."

Alipapasa chini mpaka akaipata fimbo, akaanza kuupiga ukuta nayo, mapigo ya ile ngoma ya zamani. Kinyozi alipokea kwa kiganja. Wakapokea wengine, kwa mawe, kwa makopo, kwa ngumi, wakaimba bila kupangana, mpaka vumbi la matofali likamwingia Macho mdomoni. "Wanatusikia?" alipiga kelele. "Mwanangu, wanatusikia?"

"Yule mrefu ametazama huku, baba. Ameinua mkono. Anakimbia..."

Filimbi ililia mara tatu.

Hiyo aliisikia mwenyewe. Aliendelea kupiga mapigo machache, kwa sababu mkono haukuwa umepata habari.

Watu waliondoka bila kuagana. Askari aliokota kofia yake, akaipangusa, akaenda zake. Kinyozi alisema, "Nitakuja kukunyoa," akawafuata.

"Nishuke, baba?"

"Usishuke." Aliegemeza shavu kwenye bomba. "Wamekwisha kutoka?"

"Wa njano wanaimba. Wetu wamelala chini. Mmoja anavua viatu."

"Waache hao. Niambie mahali penyewe. Anza na ukuta, shuka nao taratibu."

Mkwewe alijipanga vizuri juu ya blanketi. Akaanza: ufa ulioanzia chini ya bomba, rangi ya bluu iliyobambuka, ngazi za jukwaa, majani yaliyoota kwenye nyufa za ngazi. Aliyasema yote kwa mpangilio, hakuharakisha. Macho alimfuata, midomo inachezacheza, mpaka wakafika pale ambapo siku zote alimkuta mkewe. Akasubiri.

"Hapo kuna nini?"

"Hapo hakuna mtu, baba."

Macho alitikisa kichwa polepole. Ndani mtu alianza kuvuta mnyororo wa geti.

"Na nyavu? Bado zinatikisika?"

Mkwewe alizitazama kwa muda mrefu kabla hajajibu.

"Hapana, baba. Zimetulia."